Tembe alizoacha na tembe alizoanza: kisa cha upasuaji wa tumbo, Malindi

Mhusika ni mama wa miaka 34, mkaazi wa Malindi, fundi wa kushona madera, mwenye watoto watatu. Amenipa idhini kuandika, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili asijulikane. Mimi ni muuguzi wa chumba cha kupanga uzazi, si wa chumba cha upasuaji, kwa hiyo kisa chake nakitazama kutoka upande wa pakiti ya tembe. Upande huo ndio uliosahauliwa mpaka ikabaki wiki moja tu kabla ya siku yenyewe.

Hakuja kuuliza swali. Alikuja kuchukua pakiti tatu. Nilipoangalia kadi nikaona hajamaliza za mwanzo, nikamuuliza kulikoni. Akacheka: "Sista, nataka niziweke tu. Nikitoka Nairobi nianze moja kwa moja." Nairobi kuna nini? Hapo ndipo nilipojua kwamba Jumatatu inayofuata alikuwa anakwenda kukazwa tumbo na kunyonywa mafuta ya ubavuni, kwenye hospitali ya kibinafsi, kwa pesa alizochangiwa na wifi yake anayeishi Italia. Baada ya mtoto wa tatu misuli ya tumbo ilikuwa imeachana, ngozi imelegea, na kila akivaa dera aliulizwa ana miezi mingapi. Sina la kumhukumu hapo. Walio na la kusema juu ya wanawake wanaotengeneza miili yao wapo wengi, na hakuna hata mmoja wao aliyemuuliza anameza nini.

Alizokuwa akimeza ni zile tembe za kawaida za kliniki zetu: vidonge 21 vyenye homoni mbili, levonorgestreli na estrojeni ya kutengenezwa, kisha 7 vya hudhurungi ambavyo ni madini ya chuma tu. Amezitumia karibu miaka miwili bila shida. Siku kumi hivi kabla ya kufika kwangu, kwenye shughuli ya harusi, mwenzake alimwambia kwamba anayekwenda kupasuliwa lazima aache tembe, damu isije ikaganda. Akaziacha usiku uleule, akiwa amefika kidonge cha kumi na mbili. Hakumwambia mtu. Baada ya siku mbili tatu damu ikatoka, naye akafurahi: mwili unajisafisha.

Furaha haikudumu. Damu iliendelea kutoka kidogokidogo, akaingiwa na hofu kwamba atafika kitandani kwa daktari akiwa katika siku zake. Akaenda duka la dawa, akaeleza kwamba ana safari na hataki damu. Akapewa vidonge vya kuzuia hedhi, vilevile wanavyopewa wanaokwenda Umra na mabibi harusi ambao tarehe zimewagongana. Norethisteroni ya miligramu 5, kimoja mara tatu kwa siku. Alipofika kwangu alikuwa navyo ndani ya pochi, siku ya nne.

Kwa hesabu yake, basi, alikuwa ameshaacha dawa. Aliacha tembe moja, na hii nyingine haikumjia akilini kuwa ni ya kundi lilelile.

Fomu ya hospitali ya Nairobi alikuwa nayo kwenye simu, akanionyesha. Palipoulizwa kama anatumia dawa yoyote aliandika hapana. Hakudanganya. Kwa wanawake wengi ninaowahudumia, dawa ni kitu cha mgonjwa: ya presha, ya sukari, ya kifua. Tembe ni mambo ya nyumbani, na kwa wengine ni siri hata kwa mume au mama mkwe, sembuse karani anayejaza fomu kwa simu huku wifi yuko pembeni anasikiliza. Kama ningekuwa na sauti kwa wanaoandika fomu hizo ningewaomba waulize moja kwa moja: unazuia mimba kwa njia gani, na je, mwezi huu umemeza chochote cha kuleta au kuzuia damu? Kwa swali la namna hiyo, huyu angejibu bila kusitasita.

Tuje kwenye damu yenyewe. Estrojeni ikimezwa hupita kwenye ini, na ini hapo huongeza kutengeneza protini zinazogandisha damu na kupunguza baadhi ya zile zinazoizuia isigande ovyo. Kwa mwanamke mzima anayetembea na kufanya kazi, ongezeko hilo ni dogo. Katika wanawake 10,000 wasiotumia homoni na wasio wajawazito, kama 2 hupata bonge la damu kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, kwa mwaka. Kwa wanaotumia tembe zenye levonorgestreli kama zake, ni 5 hadi 7. Mimba, na hasa wiki za mwanzo baada ya kujifungua, huipandisha hatari hiyo juu zaidi ya tembe yoyote. Ndiyo maana simtishi mtu kwa tembe. Mwanamke akiogopa tembe akashika mimba asiyoitaka, ameingia kwenye hatari kubwa zaidi ya ile aliyoikimbia.

Upasuaji ndio unaobadilisha mambo. Rudolf Virchow, daktari wa Kijerumani wa karne ya 19, anakumbukwa kwa mambo matatu yanayogandisha damu ndani ya mishipa: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Kukazwa tumbo kunaleta mawili ya kwanza kwa mkupuo. Mgonjwa amelala kwa nusukaputi saa kadhaa bila misuli ya miguu kusukuma damu. Misuli ya tumbo inavutwa na kushonwa pamoja, shinikizo ndani ya tumbo linapanda, na vena zinazorudisha damu kutoka miguuni zinabanwa. Baadaye anatembea ameinama kwa sababu kidonda kinavuta, na kwa maumivu anapendelea kulala. Katika upasuaji wa urembo wote, huu ni miongoni mwa inayoogopwa zaidi kwa mabonge ya damu, na ukichanganywa na kunyonya mafuta muda unarefuka. La tatu, wepesi wa kuganda, ndilo linaloletwa na tembe.

Kwa hiyo yule mwenzake wa harusini alisema kweli, ila kweli isiyo na tarehe. Protini za kugandisha hazishuki siku unapotupa pakiti. Zinahitaji kama wiki nne hadi sita kurudi zilipokuwa. Damu inayotoka siku ya tatu inaonyesha tu kwamba homoni imepungua na ukuta wa mji wa mimba umeachia. Kuhusu ugandaji haisemi lolote. Mwongozo unaofuatwa na wengi, Uingereza kwa mfano, ni kuacha tembe zenye estrojeni wiki 4 kabla ya upasuaji mkubwa uliopangwa, na kutozirudia mpaka zipite angalau wiki 2 tangu mtu aanze kutembea kawaida. Shirika la Afya Duniani nalo linaweka upasuaji mkubwa wenye kulala muda mrefu katika daraja la 4 kwa tembe hizi, yaani zisitumike kabisa. Upasuaji mkubwa usiomlaza mtu muda mrefu uko daraja la 2, na upasuaji mdogo daraja la 1, yaani hakuna kizuizi.

Hilo la mwisho nalitilia mkazo kwa sababu Malindi kuna wengi wanaoshonwa ndewe zilizochanika kwa herini nzito, au kutolewa kinundu usoni kwa sindano ya ganzi, na wakisikia kisa kama hiki wanakimbilia kutupa pakiti. Hao waendelee kumeza. Wenye kijiti mkononi, sindano ya miezi mitatu, tembe za homoni moja au koili nao hawana haja ya kukurupuka. Neno "tembe" limebeba vitu viwili tofauti, na swali la kwanza kila mara ni kama ndani yake mna estrojeni.

Sasa vile vidonge vya kuzuia hedhi. Kwa jina norethisteroni ni ya upande wa projestini, homoni isiyo estrojeni, kwa hiyo mtu angedhani ni salama. Lakini mwili hugeuza sehemu ndogo yake kuwa estrojeni ileile ya kutengenezwa iliyomo kwenye tembe za kawaida. Kwenye tembe za uzazi zenye norethisteroni kidogo sana jambo hili halina uzito. Kwenye miligramu 15 kwa siku lina uzito. Mama huyu alitoka mlango wa mbele akaingia wa nyuma: siku alizodhani anapumzisha damu yake alikuwa anaiongezea. Na yote hayo kwa kukwepa hedhi, jambo ambalo madaktari wa upasuaji hawaahirishi kazi kwa ajili yake. Angeuliza, angeambiwa avae pedi.

Kulikuwa na la pili, nalo nililifikia kwa kuzungukazunguka. Nilimuuliza kama kwao kuna aliyewahi kuganda damu. Hakuna. Nikauliza kwa njia nyingine: kuna aliyewahi kuvimba mguu mmoja? Akafikiri. "Mama mdogo. Lakini ule haukuwa ugonjwa, alikanyaga kitu." Mama mdogo huyo alijifungua, na kabla ya arubaini kwisha mguu wa kushoto ukavimba kuanzia pajani, ukawa moto, hakuweza kuukanyagia. Ikasemwa ametegewa mlangoni. Alipelekwa kwa waganga wawili kisha hospitali, akachomwa sindano za tumboni na kupewa vidonge ambavyo kila mara alipimwa damu kwa ajili yake.

Pwani yetu ina matende, kwa hiyo mguu uliovimba una majibu zaidi ya moja. Lakini matende huja kwa miaka. Mguu mmoja unaovimba kwa siku mbili, kwa mama aliye kwenye arubaini, na kutibiwa kwa sindano za ngozi ya tumbo na vidonge vya kupimiwa damu, unasomeka wazi kama bonge la damu kwenye vena ya paja. Sikumwambia kwamba mama mdogo hakurogwa. Hayo si yangu, na ningemvunjia heshima mamake aliyekuwa amekaa nje akisubiri. Nilimwambia kwamba, lolote lililouleta, damu ilikuwa imeganda, na daktari wa nusukaputi lazima alijue.

Madaktari wengi wa upasuaji hutumia karatasi ya alama ya Caprini, toleo la 2005, kupima hatari hii. Nikaijaza naye. Upasuaji unaozidi dakika 45, alama 2. Uzani wake kwa urefu wake (BMI) ulipita 25, alama 1. Tembe, alama 1. Hapo ni 4, hatari ya wastani. Historia ya bonge la damu kwenye familia peke yake ni alama 3, jumla 7, na kuanzia hapo wapasuaji wa urembo hufikiria kwa dhati sindano za kuzuia damu kuganda, pengine kwa siku kadhaa baada ya mgonjwa kwenda nyumbani. Tembe yenyewe, tuliyoihangaikia kutwa nzima, ilikuwa alama moja tu. Mguu wa mama mdogo ulikuwa tatu, na haukuwa kwenye fomu yoyote.

Akaniruhusu, nikapiga simu Nairobi mbele yake. Muuguzi wa huko alisikiliza, akampa simu daktari wa nusukaputi, naye hakubishana: asimamishe norethisteroni leo, na tarehe isogezwe mbele wiki tano.

Hapa wapo watakaosema tulizidisha. Wako madaktari wanaofanya upasuaji kama huu bila kusimamisha tembe, wakitegemea sindano, soksi za kubana, pampu za miguu na kumtembeza mgonjwa jioni ileile, nao wana hoja: hatari kwa mtu mmoja bado ni ndogo, na kuahirisha kuna gharama zake. Gharama zenyewe nilizishuhudia. Wifi alikuwa amechukua likizo ya mwezi wa nane aje amuuguze, na likizo haingojei. Mume alinung'unika kuhusu nauli. Mamake, aliyekwisha kutayarisha mkaja wa kumfunga tumbo kama baada ya uzazi, aliona kuahirisha ni nuksi. Ingekuwa ngiri iliyojinyonga au kidole tumbo, hakuna anayengoja hata saa. Lakini hili lilikuwa tumbo ambalo lingekuwa vilevile baada ya wiki tano, kwa mtu mwenye alama saba, na wiki hizo zingeondoa kitu kimoja kinachoondoleka. Kwangu mizani ililala upande wa kungoja, na sijaona sababu ya kuigeuza.

Kungoja kuna shimo lake, nalo ni mimba. Tangu kile kidonge cha kumi na mbili hakuwa na kinga, na mume yupo nyumbani. Alidhani tembe za miaka miwili bado ziko mwilini. Haziko: anayeacha katikati ya pakiti anaweza kushika mimba mara moja. Kipimo cha siku ile hakikuonyesha mimba, lakini kipimo cha mapema hakitoshi kumwachilia mtu. Nikampa kondomu na tarehe ya kurudi baada ya wiki tatu. Nilimweleza mbele ya mumewe, kwa ombi lake mwenyewe, maana kondomu kwa watu walio kwenye ndoa ni mjadala wa peke yake.

Wiki tatu zilipopita kipimo kikawa safi, tukakaa kuchagua. Koili isiyo na homoni haina neno lolote na upasuaji, lakini hakuitaka. Kijiti alikitilia shaka kwa sababu kitaacha alama kwenye mkono. Nikamkumbusha kwamba anakwenda kupata kovu la kutoka nyonga hadi nyonga. Tukacheka sote, na akatoa mkono. Kijiti hakina estrojeni, kinabaki mahali pake kabla ya upasuaji, wakati wake na baada yake, na hakimtaki akumbuke kumeza kitu huku amelewa dawa za maumivu na kutapika. Kondomu ziliendelea siku saba zaidi.

Tulipima pia wingi wa damu, nayo ilikuwa chini kidogo. Nilimuuliza vile vidonge 7 vya hudhurungi alikuwa anavifanyaje. Anavitupa, kama wafanyavyo nusu ya mtaa, kwa kuwa wameambiwa havizuii mimba. Ni kweli havizuii. Akaanza vidonge vya chuma vya kawaida, na zile wiki za kungoja zikapata kazi nyingine.

Safari ndiyo iliyonipa tabu kuliko nilivyotarajia. Mpango wa kwanza ulikuwa arudi siku ya tano kwa basi la usiku: Nairobi, Mombasa, Malindi, miguu imekunjwa usiku kucha na kidonda kibichi. Nilimwambia wazi kwamba nauli ya bei rahisi ndiyo ingemgharimu zaidi. Akakubali kukaa kwa binamu yake kule Nairobi wiki mbili, kisha kurudi kwa ndege, mwendo wa saa moja hivi. Ingekosekana pesa ya ndege ningependelea treni ya SGR hadi Mombasa, maana ndani ya behewa mtu anaweza kusimama na kutembea. Na mkaja? Daktari alikuwa na korseti yake maalumu. Mamake aliombwa asifunge chochote juu yake, kwa kuwa kukaza zaidi kunapandisha lile lile shinikizo la tumbo linalobana vena. Hakufurahi, lakini alitii, akahamishia juhudi kwenye supu ya kuku.

Upasuaji ulifanyika, ukachukua zaidi ya saa tatu. Alivalishwa soksi na pampu tangu kabla ya nusukaputi, akasimamishwa jioni ileile, akachomwa inoksaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, miligramu 40 kila siku hospitalini na siku kadhaa nyumbani. Siku ya tisa aliniandikia kwamba msuli wa nyuma ya mguu wa kushoto unauma. Sikumjibu kwa ushauri bali kwa agizo: apigwe picha ya mishipa leo. Kifua kikibana au pumzi ikikatika asingoje picha, aende chumba cha dharura. Picha ikaonyesha vena ziko wazi. Ulikuwa msuli tu, kwa kutembea ameinama.

Miezi miwili baadaye alitaka kurudia tembe. Anazipenda, anasema, kwa kuwa anajua siku ya kuona damu, na kijiti kimemvurugia hesabu. Nilimweleza kwamba hatari ya tembe ni kubwa zaidi miezi ya mwanzo, na anayeziacha kwa wiki nne au zaidi kisha akarudi anaanza upya kwenye ile miezi ya mwanzo. Ukijumlisha na habari za mama mdogo, nilimshauri abaki na kijiti, na kama hizo damu zitamchosha tuzungumze koili. Amebaki nacho, kwa shingo upande.

Mdogo wake alikuja wiki iliyofuata. Yeye hana mpango wa upasuaji wowote, lakini anameza tembe zilezile na mama mdogo ni wa wote wawili. Presha yake ilikuwa sawa, havuti, ana miaka 26, na mama yao mzazi hajawahi kuganda damu. Kwake sikuona sababu ya kumwondolea tembe. Nilimwandikia kwenye kadi, kwa kalamu nyekundu, habari ya mguu wa yule mama mdogo, na nikamwambia aseme kabla ya upasuaji wowote na akishika mimba. Akauliza kama vile vya hudhurungi navyo avimeze. Nikamwambia avimeze.